Maswali ya wasomaji: Nyumba ya kwanza, uliza kabla hujatoa hela

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka kitu kimoja tu, nyumba ya kwanza. Nimezisoma zote, na hizi nimezichagua kwa sababu kila moja imegusa mahali ambapo watu wanapoteza hela nyingi kimya kimya. Nyingine nimezifupisha ila maneno ni ya wenyewe. Sheria za ardhi na kodi zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo jina la ofisi au la karatasi unaweza kulikuta tofauti huko uliko, lakini mambo ya kuuliza ni yale yale. Kwenye hesabu nimetaja milioni bila kusema hela ya wapi, we weka ya kwako.

Shikamoo shangazi. Nimepanga tangu naanza kazi na nimechoka, kila mkataba ukiisha kodi inapanda. Nimejibana nimefikisha asilimia 20 ya bei ya nyumba niliyoipenda, na benki wamenipigia hesabu wakasema nakopesheka hata zaidi ya ninachohitaji. Nawaza nichukue chote ninunue kubwa kabisa nisihame tena. Unanishauri nini? – Mpangaji Aliyechoka

Marahaba mwanangu, na hongera kwanza. Asilimia 20 kwa hela ya mshahara ni kazi, wengi wanaishia njiani.

Sasa hilo la benki. Benki ikisema unakopesheka kiasi fulani imeangalia mshahara wako, madeni yako mengine, na kama ukishindwa kulipa nyumba itauzika kirahisi, basi. Haijui kama kuna mdogo wako unamlipia ada, haijui mzazi wako akiugua nani anapigiwa simu. Kile kiwango ndo mwisho wao wa kukubali, wala hawajakuambia kwamba ukikichukua utaishi kwa raha. Watu wanachanganya haya mawili halafu mwaka wa pili wanakopa kwa marafiki ili walipe rejesho.

Utasikia pia watu wanataja asilimia 30 ya kipato kama kanuni ya makazi. Hiyo namba imetokana sana na nyumba za umma za wapangaji wa kipato cha chini kule Marekani, mwaka 1969 sheria iliweka kikomo cha kodi kuwa asilimia 25 ya kipato na mwaka 1981 ikapandishwa hadi 30. Kwa hiyo ilikuwa hesabu ya mpangaji, na mpangaji bomba likipasuka anampigia mwenye nyumba. Ukinunua, mwenye nyumba ni wewe! Ndo maana mi napenda watu waanzie upande wa pili, toa kwanza vyakula, nauli, ada, watu wanaokutegemea na akiba kidogo, halafu kinachobaki ndo tuone kinabeba rejesho la kiasi gani.

Na kabla hujasaini chochote fanya hivi. Chukua rejesho la mwezi walilokupigia, ongeza bima na kodi ya jengo, ongeza na hela ya matengenezo (wengi wanatenga kama asilimia 1 ya bei ya nyumba kwa mwaka, nyumba kuukuu inataka zaidi), kisha toa kodi ya pango unayolipa sasa hivi. Ile tofauti iwe inahama kwenye akaunti yako siku ile ile mshahara unapoingia, kwa miezi sita, na usiiguse. Ukimaliza miezi sita haujayumba, unaiweza, na akiba yako imekua. Ukiwa umeigusa mara mbili tatu, basi nyumba ile ni kubwa kwako kwa sasa, na umelijua hilo bila deni.

Jingine ambalo naona hujalitaja kabisa, asilimia 20 yako yote isiishie kwenye kianzio, yaani ile sehemu ya bei unayoitoa mwenyewe kabla ya mkopo. Kuna ushuru wa stempu au kodi ya uhamisho, kuna wakili, mthamini, ada za benki kuandaa mkopo, usajili wa hati, bima, hata gari la kuhamisha vitu. Nchi nyingi ukijumlisha vyote unapata kati ya asilimia 2 na 5 ya bei, na zipo ambazo inapita 10. Hizo huwa zinatakiwa taslimu na benki hazikukopeshi. Na ukishalipa zote ubaki na hela ya kuishi angalau miezi mitatu. Ukiweka yote hayo mezani, mi nakushauri ile nyumba uliyoipenda kwanza, kubwa iache.

Dada, mi na mwenzangu tuna ofa mbili za mkopo. Benki wanasema asilimia 12 kwa mwaka ila inaweza kubadilika. Kuna taasisi nyingine nayo inasema asilimia 12, haibadiliki, "hesabu yake rahisi", lakini rejesho lao liko juu sana. Asilimia 12 na asilimia 12 zinatofautianaje? Na tuchukue miaka 15 au 20? – Wawili Njia Panda

Swali zuri mno hili, natamani kila mtu angeliuliza kabla ya kusaini. Tofauti iko kwenye riba inapigwa juu ya nini. Benki inapiga riba kwenye salio, yaani deni linavyopungua na riba inapungua. Hao wengine bila shaka wanapiga riba kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwaka mpaka mwisho, hata kama umeshalipa nusu.

Tuchukue mkopo wa milioni 100 kwa miaka 20. Kwa asilimia 12 ya salio, rejesho ni kama 1,101,000 kwa mwezi na mpaka unamaliza umelipa jumla ya milioni 264. Kwa asilimia 12 ya mkopo wa mwanzo, riba ni milioni 12 kila mwaka mara 20, milioni 240, jumla unalipa milioni 340 na rejesho ni kama 1,417,000 kwa mwezi. Ukiigeuza hiyo ya pili iwe riba ya salio ni sawa na umekopa kwa asilimia 16 na kidogo. Sasa mkienda kuuliza msiulize tu "riba asilimia ngapi", ulizeni rejesho la mwezi ni ngapi, jumla yote mpaka mwisho ni ngapi, na mdai ile jedwali ya marejesho inayoonyesha mwezi kwa mwezi kiasi gani ni riba na kiasi gani kinapunguza deni. Mkopeshaji anayekataa kuwapa hiyo jedwali, aacheni.

Na mkiipata hiyo jedwali someni mstari wa kwanza. Kwa mfano wetu wa benki, mwezi wa kwanza riba peke yake ni milioni 1, kwa hiyo kwenye lile rejesho la 1,101,000 deni limepungua laki moja na elfu moja tu. Shukeni mpaka mwezi wa 60. Mmelipa miaka mitano mizima, zaidi ya milioni 66 imetoka mfukoni, na deni limetoka milioni 100 likafika kama milioni 91.7. Sijayasema haya ili niwatishe, ndo mikopo mirefu ilivyo, mwanzoni unalipa riba mwishoni unalipa deni. Ila ukishaona hivyo unaelewa kwa nini hela ya ziada ukiiweka mapema ina nguvu sana, kwa sababu yote inakwenda kwenye deni lenyewe.

Kuhusu miaka, mkopo ule ule kwa miaka 15 rejesho linakuwa kama 1,200,000. Yaani mnaongeza kama laki moja kwa mwezi, mnamaliza miaka mitano mapema, na jumla inashuka kutoka milioni 264 hadi 216. Milioni 48 zimebaki kwenu. Ushauri wangu, kama benki haitozi adhabu kwa kulipa mapema, chukueni ya miaka 20 kwenye karatasi lakini lipeni kana kwamba ni ya 15, mwezi mbaya ukija mnarudi kwenye rejesho dogo bila kumuomba mtu. Muwaandikie kabisa kwamba ziada ipunguze deni la msingi, maana wapo wanaoiweka tu kama malipo ya mwezi ujao na hamfaidiki kitu.

Sasa kile kipengele cha "inaweza kubadilika". Riba ikitoka 12 ikaenda 15, rejesho la miaka 20 linatoka 1,101,000 linakuwa kama 1,317,000, kwa mkopo uleule nyumba ileile. Je, mnaimudu hiyo laki mbili na zaidi? Kama hapana, mkopo huo ni mkubwa mno. Wamarekani wengi waliopoteza nyumba kwenye msukosuko wa mwaka 2007 na 2008 walikuwa na mikopo iliyoanza na riba ndogo ya miaka miwili mitatu halafu ikapanda, wakati huo huo bei za nyumba zikawa zinashuka hivyo hata kuuza ili walipe deni ikashindikana. Muulize benki riba inafuata kipimo gani, inaangaliwa upya kila baada ya muda gani, na kama kuna kiwango cha juu ambacho haiwezi kupita. Majibu myapate kwenye mkataba, maneno ya afisa mikopo hayatoshi hata awe mkarimu vipi.

Shangazi naomba unijibu haraka. Dalali ananiambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela yote, nilipe asilimia 10 leo ya kushikilia. Mwenye nyumba ana hati mkononi nimeiona kwa macho yangu. Nilipe? – Nina Haraka

Usilipe leo mwanangu. Nakuomba sana.

Inawezekana huyo mteja mwingine yupo kweli. Basi akinunua, nyumba nyingine zipo. Ila hela ukishampa mtu ambaye hujathibitisha kwamba anacho anachokuuzia, kuirudisha ni mahakama, na mahakama ni miaka. Unavyoniambia umeiona hati kwa macho, umeona karatasi. Sehemu nyingi za dunia zinatumia mfumo wa usajili ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858 chini ya Robert Torrens, na kwenye mfumo huo kinachokufanya kuwa mmiliki ni kuandikwa kwenye rejista ya serikali. Hati aliyonayo nyumbani ni nakala tu ya kile rejista ilisema siku ilipotolewa. Toka siku hiyo nyumba inaweza kuwa imewekwa rehani, imewekewa zuio na mke au ndugu, ipo kwenye kesi, au ilishauzwa. Na kutengeneza karatasi inayofanana na hati siku hizi si kazi ngumu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda masijala ya ardhi, au mtume wakili wako (wako wewe, sio aliyeletwa na dalali wala anayemtetea muuzaji), mkafanye serchi, yaani muombe kuona rasmi rejista inasema nini kuhusu nyumba hiyo. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo asilimia 10. Kwenye majibu usiangalie jina tu. Angalia jina la mmiliki linafanana herufi kwa herufi na kitambulisho cha huyo anayekuuzia, angalia ukubwa wa kiwanja, angalia kama kuna mkopo au zuio, angalia umiliki ni wa kudumu au wa miaka, na kama ni wa miaka imebaki mingapi, maana hati ya miaka 99 iliyobakiza 25 si mali sawa na iliyobakiza 90, hata benki inaweza kukataa kuikopesha.

Halafu jina likiwa la marehemu hapo simama kabisa. Mtoto wa marehemu hata awe wa kwanza na hata awe anaishi humo ndani hawezi kukuuzia mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa, na uione hiyo barua ya mahakama na uende mahakamani kuuliza kama ni ya kweli. Muuzaji akiwa na ndoa mwenzake asaini, nchi nyingi nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke na mauzo yanaweza kutenguliwa hata kama ulilipa kihalali. Na anayekuuzia kwa niaba ya mtu aliye mbali mwombe mpige simu ya video na mmiliki mwenyewe, umwone akiwa ameshika kitambulisho chake, na ile karatasi ya uwakilishi wakili wako aithibitishe ilikotoka.

Nenda pia kiwanjani na mpima ardhi. Mkatafute alama za mipaka zote, mkapime. Kuna watu wamenunua nyumba safi yenye hati safi kumbe ukuta na choo viko kwenye kiwanja cha jirani au kwenye hifadhi ya barabara, siku ya kuvunjiwa ndo wanajua.

Haya yote yakiwa sawa ndo utoe hiyo ya kushikilia, tena kwa maandishi: kiasi, kinarudishwa kwa sababu gani na ndani ya siku ngapi, na kwamba kama mkopo ukikataliwa au ukaguzi ukionyesha tatizo unarudishiwa. Hela iende kwenye akaunti ya wakili inayoshikilia hela za wateja, usimpe mtu mkononi. Na siku ukipata ujumbe au barua pepe inayosema "akaunti imebadilika, tuma huku", usitume, mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, isiwe iliyoandikwa kwenye huo ujumbe. Wezi wanaingia kwenye barua pepe za watu wanasubiri wiki ile ya malipo na kwenye mauzo ya nyumba mtindo huu umeenea dunia nzima.

Habari za kazi dada. Kesho kutwa naenda kuona nyumba mara ya pili. Mara ya kwanza niliona sebule nzuri na jiko zuri nikachanganyikiwa sikuangalia kingine. Niangalie nini mtu nisiye fundi? – Macho Mawili

Nzuri sana, karibu. Hapa nitajibu kwa urefu kwa sababu hata usipokuwa fundi macho yako yanaweza kuona mengi. Vaa viatu vya kuchakaa, beba tochi, na usiende saa ile ile uliyoenda mwanzo.

Anza nje. Zunguka nyumba yote taratibu uangalie ardhi inaelekea wapi, maji ya mvua yakija yanakimbilia nyumba au yanaikimbia? Tazama chini ya ukuta, sentimita kama 50 au mita moja kutoka chini. Ukiona rangi imevimba, plasta inamomonyoka ukigusa, au kuna unga mweupe kama chumvi, hapo maji yanapanda kutoka ardhini na ule unga ni chumvi iliyobaki maji yakikauka. Rangi mpya haitibu hilo, inalificha kwa miezi michache. Na ukiona nyumba nzima ina rangi ya zamani ila ukuta mmoja tu, tena upande wa chini, umepakwa juzi, uliza kwa nini, halafu weka kiganja chako pale usikilize kama kuna ubaridi na unyevu kuliko kuta zingine.

Nyufa zisikutishe zote. Ule ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta karibu kila nyumba unao. Wa kuogopa ni unaokwenda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha au mlango, au unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, hasa ukiwa mpana juu kuliko chini na upana wake unapita milimita 5. Chukua sarafu uone kama inaingia, piga picha sarafu ikiwa pale pale ili fundi ajue ukubwa. Kisha fungua na kufunga kila mlango na kila dirisha, kimoja kimoja. Mlango unaokwama juu kona moja na kuna ufa karibu yake, nyumba inacheza, na hapo unahitaji mhandisi kabla ya jambo lolote.

Ndani usiangalie samani, hizo anaondoka nazo. Angalia dari, doa la kahawia la duara ni maji, iwe paa linavuja au bomba. Kama kuna mlango wa kupanda darini omba ngazi upande na tochi yako, angalia mbao za kenchi kama zimeliwa au zina alama za maji, na zima tochi kidogo uone kama kuna mwanga wa jua unapenya bati au vigae. Nyumba za miaka ya nyuma, muulize mtaalamu kuhusu asbesto (nyuzi za madini zilizokuwa zinachanganywa kwenye vifaa vya ujenzi) kwenye paa na dari na rangi yenye madini ya risasi, na usikwangue wala kutoboa kitu kabla hajakuambia, kwa sababu vumbi lake ndo lenye madhara.

Maji, fungua koki zote kwa pamoja, jikoni na bafuni, halafu flashi choo. Presha ikifa au maji yakitoka na kutu, mabomba yana shida. Acha sinki lijae kisha lifungulie ghafla usikilize, kama linakunywa taratibu na kugugumia njia ya maji taka imeziba mahali. Uliza maji taka yanaenda wapi, kama ni shimo liko wapi na lilinyonywa lini. Umeme, fungua kile kiboksi cha sakiti breka uangalie kwa macho tu bila kugusa, ukiona pameungua au nyaya zimefungwa na utepe, fundi umeme aje apime pamoja na athi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Wezi wa hela zetu ni hizi kazi za kutandaza upya nyaya za umeme nyumba nzima baada ya kuhamia, zinakula hela ambayo mtu hakuipanga.

Halafu rudi usiku, na rudi mvua ikinyesha. Hizi mbili mi nazisisitiza kuliko zote. Usiku utajua kelele, taa za njiani, magari yanapaki wapi. Mvua itakuonyesha ndani ya nusu saa mambo ambayo muuzaji hawezi kuyaficha. Ongea na majirani wawili, mmoja ni wa kulia mmoja wa kushoto, waulize maji yanatoka siku ngapi, pamewahi kufurika, na kwa nini huyu anauza. Jirani hana kamisheni.

Baada ya yote hayo bado lipa mkaguzi au mhandisi, maana macho yako yanakusaidia kuziacha mapema nyumba mbovu, ile moja uliyobaki nayo mtaalamu aikague. Usitegemee yule mthamini wa benki, yeye anaitazama nyumba kama dhamana, anaweza asiingie hata darini. Ripoti ikija na makosa ndo unarudi mezani kuomba bei ishuke au muuzaji atengeneze kwanza.

Tunanunua mi na kaka yangu, kila mtu nusu. Mama anasema hati iwe na jina la kaka tu kwa vile ni mkubwa, ndugu hatudhulumiani. – Mdogo Mtu

Mama anatafuta amani na nia yake ni njema, mheshimu. Lakini majina yaandikwe yote mawili. Kaka akifariki, kwenye karatasi mali ni ya mke na watoto wake na wewe huna ushahidi. Kaka akidaiwa na benki, nyumba nzima inakamatwa. Mwambie mama hivyo hivyo, kwamba unamlinda na kaka pia asije kuulizwa na watoto wako siku moja.

Na kuna aina mbili za kuandikwa pamoja kwenye nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza. Ya kwanza hamna mafungu, mmoja akifa aliyebaki anachukua yote moja kwa moja. Ya pili kila mtu ana fungu lake linalojulikana na akifa linakwenda kwa warithi wake. Kwa ndugu wenye familia zao naona ya pili inafaa zaidi, kwa wanandoa wengi wanachagua ya kwanza. Wakili aandike na makubaliano pembeni: nani alitoa kiasi gani, matengenezo mnagawanaje, na mmoja akitaka kutoka mwingine anapewa nafasi ya kwanza kununua kwa bei ya mthamini.

Nauziwa fleti kwenye ramani, jengo bado ni shimo, bei nzuri sana. Niingie? – Ghorofa ya Nne

Ingia kama tu malipo yanafuata hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi asiye wa kampuni, hela inakaa kwenye akaunti ya mtu wa tatu, kibali cha ujenzi umekiona na serchi ya kiwanja imeonyesha ni cha kampuni hiyo na kama kimewekwa rehani benki imekubali kwa maandishi kuachia fleti yako. Nenda ukatembelee jengo walilomaliza zamani uongee na wanaoishi humo. Uliza pia ada ya huduma ya kila mwezi na kama kuna mfuko wa matengenezo makubwa, maana lifti ikifa na mfuko mtupu mnachangishana. Wakitaka asilimia kubwa kabla ya msingi, bei nzuri hiyo waache nayo.

Naweza kuhamishwa kazi ndani ya miaka miwili. Ninunue sasa? – Mguu Nje

Subiri. Gharama za kununua na za kuuza zikijumlishwa, na jinsi deni linavyopungua polepole miaka ya mwanzo kama nilivyowaeleza Wawili Njia Panda, miaka miwili haikutoshi kurudisha hela yako isipokuwa bei zipande sana, na hilo hakuna wa kukuhakikishia. Panga, weka akiba, ukifika unakokwenda utanunua na kianzio kikubwa zaidi.

Shangazi, mambo yameiva, wiki ijayo napewa funguo! Kuna kitu nimesahau? – Mwenye Nyumba Mtarajiwa

Hongera sana mwanangu, nimefurahi kweli. Siku moja kabla ya malipo ya mwisho muombe wakili arudie serchi, maana ya mwezi uliopita imeshapitwa. Siku hiyo hiyo pita nyumba nzima uhakikishe vilivyoandikwa kwenye mkataba kuwa vinabaki vimebaki, matangi, makabati, pampu, na hakuna mtu amebaki anaishi chumba cha uani. Piga picha mita za maji na umeme tarehe ionekane, na upate risiti za mwisho za bili na kodi ya jengo. Bima ianze siku ile umiliki unapohama. Usiku wa kwanza badilisha vitasa, hujui funguo ngapi ziko nje, na utafute koki kuu ya maji iko wapi ili kila mtu wa nyumbani aijue.

Halafu uhamisho wa hati usiuache kwa sababu umechoka na umeshaingia ndani. Wapo wanaokaa miaka kumi na mkataba wa mauziano kabatini huku rejista bado ina jina la muuzaji. Mfuatilie wakili mpaka hati itoke, na siku ya kuichukua isome pale pale dirishani, herufi za jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya kiwanja na ukubwa wake, ukiona hata herufi moja imekosewa warudishie kabla hujasaini daftari la kupokea.